Kiingereza cha Sayansi ya Chakula

Kinywa cha binadamu kimepewa kazi mbili kubwa, kula na kusema. Kwa kula mwili huishi, na kwa kusema akili huishi. Kazi hizi mbili hukaa katika nyumba moja, nazo aghalabu hazisumbuani. Walakini yupo mtu mmoja ambaye kwake zimekutana na kushindana. Mtu huyo ni kijana wa Kisii au wa Nyamira aliyekwenda chuo kikuu kusoma sayansi ya chakula na lishe. Chakula alikijua tangu utoto wake kwa lugha ya mama yake. Sasa anatakiwa akijue mara ya pili kwa Kiingereza. Msomaji, insha hii inakipima Kiingereza hicho: uzuri wake, kasoro zake, na namna inavyofaa kukisoma. Yamkini nawe siku moja utakaa katika darasa hilo. Na kama hutakaa, utampeleka mtoto kliniki, ukaketi mbele ya mtu aliyekaa humo, na afya ya mtoto wako itategemea kama mtu huyo alielewa alichokisoma.

Kwanza tukubali jambo lililo wazi. Kiingereza hakikwepeki katika kazi hii. Tume ya Elimu ya Ominde, katika taarifa yake ya mwaka 1964, iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Katiba ya mwaka 2010 ilikiweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ikakiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na ikaiagiza Serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Hata hivyo darasa la chuo kikuu limebaki la Kiingereza. Ukienda Njoro katika Chuo Kikuu cha Egerton, au Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, au Juja, au Maseno, utakuta mihadhara, vitabu na mitihani ya lishe imeandikwa kwa lugha hiyo. Tangu sheria ya mwaka 2007 kazi ya mtaalamu wa lishe imekuwa kazi yenye daftari la majina na mitihani yake. Basi anayetaka kuingia katika nyumba hii hana budi kupita katika mlango huo. Kulalamika kizingitini hakufungui mlango, na kuingia bila kutazama huvunja kichwa.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba ugumu wa Kiingereza hiki umo katika maneno marefu. Huyakariri usiku kucha, huyaandika ukutani, na wakiyatamka bila kusita hujiona wamefika. Tuyatazame basi maneno hayo, tujue ni mali ya nani.

Neno "protein" lilianza kuandikwa mwaka 1838 na Mulder, mkemia wa Uholanzi, kwa shauri la Berzelius wa Sweden, nalo limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kitu cha kwanza. Neno "vitamin" lilibuniwa mwaka 1912 na Casimir Funk, mzaliwa wa Poland, kutokana na neno la Kilatini la uhai; lilikuwa na herufi moja zaidi mwishoni mpaka mwaka 1920, Drummond wa Uingereza alipoikata. Neno "calorie" limetoka katika joto la Kilatini. Katika yote hayo hakuna hata moja ambalo mtoto wa London alilinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Yeye pia hulikuta darasani, hulishangaa, na hujifunza kama mgeni. Kwa hiyo mwanafunzi wa Nyamira asione haya mbele ya maneno haya. Mbele yake wote ni wageni, na mgeni mmoja hana sababu ya kumwogopa mgeni mwenziwe.

Zaidi ya hayo, liko neno moja kubwa katika sayansi hii ambalo Ulaya ililipata Afrika. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, wanaobadilika rangi ya ngozi na nywele, na wanaonyong'onyea ingawa wanakula wanga. Mwaka 1935 aliuita kwa jina ambalo kina mama wa Accra waliuita kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor. Maana aliyoitoa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mdogo wake alipozaliwa. Tazama, msomaji, uzito wa jina hilo. Kina mama wale hawakuwa na maabara, lakini ndani ya jina lao walikuwa wameweka wakati wa ugonjwa na mazingira yake: mtoto ameachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja, na alichopewa badala ya ziwa hakimtoshi. Uganda nako, ambako Trowell na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo mwaka 1954, Waganda walikuwa na neno lao, obwosi. Sifa ya Cicely Williams ni kwamba aliuliza, akasikiliza, akaandika alichoambiwa. Kama angalikuja na jina la Kilatini mfukoni, dunia ingalipata neno jingine gumu na ingalipoteza maelezo yaliyokuwa ndani ya lile la kwanza.

Hoja ya wale wasemao kwamba lugha zetu haziwezi kubeba sayansi huanguka hapa. Kila daktari wa watoto duniani, asome Tokyo au Chicago, hutamka neno la Kiga. Neno lolote huweza kubeba elimu, ikiwa watu wameitia elimu ndani yake.

Sasa tuje kwenye ugumu wa kweli. Ugumu huo umo katika maneno madogo, yale ambayo mwanafunzi huyapita mbio akidhani ameyajua tangu shule ya msingi. Maneno kama "may", "some", "at least", "less than" na "associated with" ni mafupi kama punje za wimbi, lakini ndiyo yanayoshika mizani ya sentensi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale matunda na mboga gramu 400 kwa siku au zaidi, na chumvi pungufu ya gramu 5. Anayebadilisha neno dogo katika shauri la kwanza na la pili amegeuza dawa kuwa sumu, ingawa tarakimu zote amezikariri sawasawa.

Chukua mfano ulio karibu na nyumba zetu. Kisii na Nyamira ni nchi ya chai. Ukisafiri kupita Kebirigo utaona vilima vimevishwa majani hayo kama zulia, na nyumba nyingi hulipa karo kwa chai. Kitabu cha lishe husema kwa Kiingereza kwamba tanini za chai "inhibit" ufyonzaji wa madini ya chuma yatokayo katika mimea. Neno hilo maana yake ni kupunguza nguvu ya jambo, kulirudisha nyuma kwa kiasi fulani. Mwanafunzi mwenye haraka hulisoma kana kwamba ni kukataza kabisa. Akirudi nyumbani likizo, huwaambia watu, "Chai inamaliza damu." Maneno haya si kweli, tena yana madhara mawili. Mwenye kuamini ataogopa bure kinywaji kinachomlisha. Mwenye akili atacheka, na siku mtaalamu huyo atakapokuja na jambo la kweli, hatasikilizwa. Mwanafunzi aliyelipima neno lile vizuri atasema hivi: "Mama, mboga zako zina madini ya kuongeza damu, lakini ukiteremshia kwa chai sehemu ya madini hayo hupotea. Kula kwanza, ngoja kama saa moja, kisha unywe chai yako." Shauri hili ni la kweli, linatendeka, na halimwondolei mama kikombe chake. Tofauti ya mashauri hayo mawili ni neno moja la Kiingereza lililoeleweka au lisiloeleweka.

Neno "exclusive" ni ndugu ya hilo. Mjini hutumika kwa vitu vya fahari, vya watu wachache wenye fedha. Katika lishe ya watoto maana yake ni kitu hicho pekee, bila kingine. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limeshauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Hata maji hayaongezwi, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Anayesoma neno hili kwa maana ya mjini atadhani kitabu kinasifu tu maziwa ya mama kuwa bora. Atalikubali shauri kwa moyo mweupe, na papo hapo ataona si kosa mtoto wa miezi 3 kuonjeshwa uji. Amekubali sifa, ameikosa amri.

Yako pia maneno ya kila siku yaliyovikwa joho la kazi mpya. "Wasting" sokoni ni kupoteza mali. Katika lishe ni mtoto kuwa na uzito mdogo usiolingana na urefu wake. "Stunting" ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyodai, na vyote viwili hupimwa kwa viwango vya ukuaji vilivyotolewa mwaka 2006. Haya si maneno ya kuchanganya. La kwanza huonyesha njaa au maradhi ya karibuni. La pili huonyesha upungufu uliokaa muda mrefu, na mtoto wa namna hiyo huweza kupita mbele ya macho ya watu wote akidhaniwa kuwa mfupi wa kuzaliwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, watoto 18 walikuwa wamedumaa namna hiyo, na 5 walikuwa wamekonda kwa namna ile ya kwanza. Mwanafunzi atakayebadilishana maneno hayo katika mtihani atapoteza alama chache. Akiyabadilishana katika taarifa ya wilaya, atapeleka chakula cha dharura mahali palipohitaji kazi ya miaka, na kazi ya miaka mahali palipohitaji chakula leo.

Vivyo hivyo "diet" ya gazeti ni kujinyima ili kupungua. "Diet" ya sayansi ni jumla ya vyakula ambavyo mtu hula kwa desturi. "Culture" ya mwanahistoria ni utamaduni. Ile ya mtengenezaji wa maziwa lala ni vijidudu vya kuchachushia. "Significant" ya hotuba ni jambo kubwa. Ile ya takwimu ni tofauti isiyoelekea kuwa imetokana na bahati tu, nayo yaweza kuwa ndogo sana. Na "fortified" ni neno la ngome, kama ile ya Fort Jesus iliyo Mombasa. Lakini tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya ilipoamuru unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani uongezewe vitamini na madini, neno hilo limeingia jikoni. Sifa moja ya Kiingereza, na lazima tuiseme, ni huku kuyatuma maneno ya zamani kazi mpya bila kuogopa. Taabu ni kwamba hakimwambii mgeni wakati wa kubadilisha kazi.

Nimetaja sifa, sasa nitaje kasoro. Kasoro kubwa ya Kiingereza cha vitabu vya chakula huonekana kinapotaja vyakula vyetu wenyewe. Ingia soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Utaona mafungu ya chinsaga, ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani, na ya rinagu, yaani mnavu. Kila mwanamke sokoni ayajua kwa jina, kwa uchungu wake, kwa muda wake wa kuiva, na kwa mtu anayefaa kupikiwa. Maana chinsaga ni mboga ya heshima anayopikiwa mama aliyejifungua. Kitabu cha Kiingereza huiita chinsaga "spider plant", yaani mmea wa buibui. Jina hilohilo Waingereza wamelipa ua la kupamba dirisha ambalo halina undugu wowote na mboga yetu. Rinagu nayo huitwa "nightshade", jina linalomkumbusha msomaji wa Ulaya mmea mwingine wa ukoo huo wenye sumu ya kuua. Mwanafunzi aliyekula rinagu tangu kuota meno husoma jina hilo akaanza kuitilia shaka sahani ya mama yake.

Mifano haiishi hapo. Viazi vilivyotoka milima ya Andes ya Amerika ya Kusini huitwa vya Ireland. Ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki hutiwa katika fungu la "plantain", na kumbe hizo ni jamii nyingine ya ndizi, zenye upishi mwingine. Majani mabichi ya kila namna hurundikwa chini ya jina la "spinach". Mwenye kuvipa vitu majina alikuwa akipita njiani. Alitaja alichokumbuka kwao. Hatumlaumu mpita njia kwa kutojua. Twamlaumu mwenye nyumba anayeacha majina ya mpita njia yawe ndiyo ya kweli.

Dawa ya kasoro hii ipo, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni jina la kisayansi la Kilatini, kwa mfano Cleome gynandra kwa chinsaga, au Eleusine coracana kwa wimbi. Jina hili ni gumu kwa wote, kwa hiyo ni la haki kwa wote. Ya pili ni jina la wenyeji. Kwa ajili hii kitabu cha Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye, kilichotolewa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1999 juu ya mimea ya chakula cha asili ya Kenya, kinastahili sifa kubwa. Waandishi wake waliyapanga majina ya mimea kwa lugha nyingi za nchi hii kando ya jina la Kilatini, wakaeleza unavyoliwa na watu gani. Mwanafunzi wa Kisii akikifungua huona lugha ya nyumbani kwake imekaa katika meza moja na lugha ya maabara, bila mmoja kumtumikia mwingine. Twaweza kukosoa jambo moja tu: maelezo yake ni ya Kiingereza, hivi kwamba mwanamke wa Daraja Mbili, ambaye maarifa ya namna yake ndiyo yaliyokusanywa humo, hawezi kuyasoma. Kosa hili si la waandishi peke yao. Ni deni la wanafunzi waliowafuata, nalo bado halijalipwa.

Kitabu kingine kinachowahusu Abagusii kilitolewa mwaka 1994 na Robert LeVine na wenzake, juu ya malezi ya watoto. Katika miaka ya 1974 hadi 1976 watafiti hao walikaa Gusii, wakaangalia kina mama na watoto wao wachanga, wakawalinganisha na kina mama wa Boston, Marekani. Walisema kwamba mama wa Gusii aliweka mbele uhai wa mtoto, yaani kumshika, kumnyamazisha upesi na kumlinda na maradhi, ambapo mama wa Boston aliweka mbele kumzungumzisha na kumwamshia udadisi. Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba hakikumfanya mama wa Boston kuwa mizani ya dunia. Kilisema kila mama alijibu hatari za nchi yake. Lakini mwanafunzi wa Nyamira akisome namna gani? Akikisoma kama mtihani tu, atakariri habari za bibi yake mwenyewe kana kwamba ni habari za watu wa mwezini. Namshauri akisome kama shahidi na kama mwamuzi. Aulize: Je, bibi angalikubali maneno haya kama angalisomewa? Ni lipi waliloliona sawasawa, na ni lipi ambalo mgeni hakuweza kuliona? Kwa kazi hiyo Kiingereza chake lazima kiwe kizuri sana, maana mwamuzi asiyeijua lugha ya mashtaka hawezi kuamua.

Liko jambo la mwisho la kukosoa, nalo ni mtindo. Kiingereza cha sayansi hupenda kuficha mtenda. Husema, majani yalichemshwa kwa dakika 30, maji yakamwagwa, vitamini C ikapimwa. Nani aliyechemsha? Hatajwi. Mtindo huu una hekima yake, kwa kuwa katika maabara kila mtu akichemsha vile apate matokeo yaleyale. Lakini jikoni mtenda hafichiki. Kuna mwanamke mwenye kuni chache, aliyerudi shambani jioni, mwenye watoto wasiopenda uchungu wa chinsaga. Yeye humwaga maji kwa sababu, wala si kwa ujinga. Mwanafunzi aliyezoea sentensi isiyo na mtu huandika kwamba virutubishi hupotea kwa upishi mbaya. Aliyekumbuka kwamba sentensi ile ilikuwa na mtu ndani yake atatafuta njia: majani yachemshwe kwa maji kidogo, uchungu upunguzwe kwa kutia maziwa, kama wapishi wengi wa Gusii wanavyofanya, na mafuta ya maziwa hayo yausaidie mwili kufyonza asili ya vitamini A iliyo katika majani. Hapo sayansi na desturi hukutana, na mama hutoka akiwa na heshima yake.

Sasa msomaji ataniuliza: Kipimo cha kujua Kiingereza hiki ni kipi? Jibu langu ni kwamba mtu hajalijua jambo la lishe kwa Kiingereza mpaka aweze kulisema kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, na mwenye chungu akalitenda. Kutafsiri si kazi ya kumalizia baada ya elimu; ndiyo mizani ya elimu yenyewe. Ukijaribu kusema nyumbani neno "bioavailability", utagundua mara moja kama ulilielewa au ulikuwa ukilibeba kama mchukuzi abebavyo sanduku lililofungwa. Ukilielewa, utasema ni sehemu ya chakula ambayo mwili waweza kuichukua na kuitumia, na kwamba kilichomo sahanini si chote kinachoingia damuni. Mzee yeyote wa Nyansiongo atakufahamu, kwa sababu ajua kwamba mvua yote inyeshayo si yote inayoingia ardhini.

Tena lugha zetu zina mali ya kusaidia. Kiswahili kimepata neno lishe kutoka kula na kulisha; basi ndani yake yumo anayelisha na anayelishwa. Kimepata kirutubishi kutoka rutuba, neno la mkulima, na katika nchi ya vilima kama Gusii, ambako mashamba ni madogo na udongo hulimwa bila kupumzika, nani asiyejua maana ya rutuba? Tanzania huiita nafaka ya wimbi ulezi, neno linalolingana kwa sauti na kazi ya kulea. Na kweli wimbi lina madini ya kalsiamu mengi kuliko nafaka nyingine kubwa. Abagusii huiita obori, na kutoka humo hupata ugali wao wa asili, obokima. Mwanafunzi aliye na lugha tatu ana madirisha matatu katika chumba kimoja. Ni hasara kuziba mawili ili lile la tatu lionekane kubwa.

Lakini ajihadhari. Hata lugha za ndugu huweza kumdanganya mpita haraka. Neno baba kwa Kiswahili ni mzazi wa kiume. Kwa Ekegusii neno hilohilo ni mama. Ikiwa lugha mbili za ukoo mmoja hupishana hivyo katika neno la kwanza la mtoto, sembuse Kiingereza kilichotoka ng'ambo?

Kwa hiyo mwanafunzi na awe na daftari lenye safu nne. Ya kwanza aandike neno la Kiingereza pamoja na sentensi alimolikuta, kwa maana neno lililotengwa na sentensi ni kama samaki nje ya maji. Ya pili aandike maana yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe. Ya tatu aandike Ekegusii, na akikosa neno aulize wazee, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ya nne ndiyo kubwa: aandike sentensi moja ambayo angeweza kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa, bila kumtisha, bila kumdharau, na bila kupunguza ukweli. Safu hii ikibaki tupu, ajue kwamba zile tatu hazijajaa.

Wako watakaosema kazi hii ni ndefu, na kwamba mtihani hauulizi Ekegusii. Ni kweli hauulizi. Lakini mtihani huisha kwa saa 3, na kazi ya mtaalamu wa lishe huchukua maisha yake yote. Mtihani husahihishwa na mtu aliyeshiba; kazi husahihishwa na mtoto anayenenepa au anayekonda. Kila mwaka vijana wa Kisii na Nyamira huhitimu wakiwa na Kiingereza kinachowatosha kuajiriwa. Kinachohitajika ni Kiingereza kinachotosha kueleweka nyumbani kikisha kuvuliwa joho lake, na kijana mwenye nacho atakuwa amewalipa wote waliomlisha: wale waliomlisha chakula, na wale waliomlisha maneno.